Usimnyang'anye Mama Mwiko Wake



Wenzangu waliotangulia katika ukurasa huu wameandika juu ya watoto, juu ya akiba, juu ya bustani. Mimi nitaandika juu ya mwiko wa bukari. Msicheke. Kwa ajili ya mwiko, mimi na mama yangu mzazi tulikaa karibu miezi miwili bila kusemezana vizuri, na kosa lilikuwa langu.

Mama ana miaka 66. Alitulea watoto saba kwa kuuza samaki, na wengi wenu mmekula samaki wake bila kumjua. Mikono yake imeparua magamba ya samaki wa ziwa Tshangalele tangu akiwa binti. Imetwanga sombe, imefua, imebeba beseni kichwani mpaka Gare kungoja treni. Mikono hiyo ndiyo iliyonilipia masomo mpaka nikapata diploma yangu ya ualimu kule ISP. Kwa hiyo ilipoanza kuumwa, nilidhani najua la kufanya.

Ilianza polepole. Asubuhi alikuwa hawezi kukunja ngumi. Alikuwa akiweka vidole ndani ya maji ya moto kwanza, akingoja, halafu ndipo anaweza kushika fagio. Viungo vya vidole vilivimba, mkono wa kuume na wa kushoto pia. Akaanza kumwita mtoto wangu mkubwa amfungulie kifuniko cha bidoni. Halafu akaacha kuparua samaki, akasema samaki wa siku hizi wana magamba magumu. Sisi tukacheka naye. Hatukuelewa kwamba alikuwa anaficha.

Jioni moja alikuwa akisonga bukari. Mnajua kazi ya bukari ilivyo: maji yanachemka, unga unaingia, na mwisho ule unapokuwa mzito, mkono mmoja unashika sufuria na mwingine unageuza kwa nguvu zote. Mkono wa kushoto ulimwacha. Sufuria ikazunguka juu ya mbabula, ikainama, bukari la moto likamwagika karibu kabisa na miguu ya mtoto wangu mdogo. Hakuungua. Lakini mimi niliogopa, na kwa hofu ile nikasema maneno ambayo leo nayajutia: "Mama, kuanzia leo usipike tena. Utakaa, utapumzika."

Nilidhani nimemheshimu. Nilimwekea kiti chini ya mwembe. Nilipotoka shuleni nilipika mimi, siku nyingine binti yangu. Mama alikaa. Juma la kwanza alikaa akitutazama. Juma la pili akaacha kuuliza bei ya samaki. Juma la tatu akaanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika nusu. Siku moja nilimchukulia mwiko alipojaribu tu kukoroga mboga, akaniangalia, akasema: "Sasa miye niko mugeni mu nyumba yangu?"

Sikuwa na jibu.

Nikafanya kosa la pili. Nilipopata mshahara nilikwenda Likasi, nikaingia dukani kununua vyombo vizuri ili mama apate kupika bila taabu. Nilinunua sufuria nene ya kuyeyushwa, yenye kung'aa, na kisu kipya chenye mpini mwembamba wa chuma, na kile kifaa kidogo cha kumenyea viazi. Nilivijaribu pale dukani kwa mkono wangu. Vilikuwa vizuri sana kwa mkono wangu, ambao una miaka thelathini na kitu na haujavimba popote. Nyumbani mama alishindwa kuinua ile sufuria ikiwa tupu. Kisu kilipopata maji kilimponyoka. Kifaa cha kumenyea kilikuwa na mpini kama penseli, na alipokibana, machozi yalimtoka. Alisema asante, mwanangu. Akavifunga katika kitambaa, akaviweka juu ya kabati, mahali pa vitu vya wageni.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimechagua kitanda cha mwenzangu.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa mwaka wa kwanza darasani kwangu. Mtoto huyo alikuwa akiandika kwa taabu, vidole vyake vinabana penseli mpaka vinakuwa vyeupe kwenye kucha. Asubuhi moja alikuja na penseli iliyozungushiwa utepe wa kikwembe kikuukuu, nene kama kidole gumba, imefungwa kwa uzi. Nikamwuliza ni nani alifanya hivyo. Akasema ni baba yake. Nikamwuliza kama inasaidia. Akanijibu kwa fahari: "Mwalimu, inashikika." Na kweli, siku ile herufi zake zilikaa juu ya mstari.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Baba wa mtoto yule hakumwambia mwanawe aache kuandika, wala hakumwandikia yeye. Alibadilisha penseli.

Jioni ile nilimwuliza mama jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: "Mama, nionyeshe ni wapi unaumwa, na unapofanya nini." Akainuka kwenye kiti, tukazunguka jikoni pamoja. Alinionyesha kama mwalimu anayefundisha. Kubana kitu chembamba kunamwumiza, kama kisu. Kusokota kunamwumiza, kama kifuniko cha bidoni au kukamua nguo. Kuinua kitu kizito kwa vidole kunamwumiza, kama sikio la sufuria. Na kutwanga kunamwumiza kuliko vyote, kwa sababu kila pigo la mchi linarudi mkononi. Lakini kusukuma kwa kiganja anaweza. Kuvuta kwa mkono mzima anaweza. Kubeba kitu kwa mikono miwili, kimekaa karibu na kifua, anaweza. Nikaona kwamba mama hakushindwa kupika. Ameshindwa na mambo manne tu, na kila moja linaweza kutafutiwa njia.

Kabla ya njia zote, bamama, tulikwenda kwa daktari. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu huku kwetu kila maumivu ya viungo tunayaita rumatisma, tunanunua dawa sokoni, basi. Daktari alitueleza kwamba magonjwa ya viungo si mamoja. Kuna ule wa viungo kulika kwa umri na kazi nyingi, unaoota vinundu kwenye vidole na kuuma chini ya kidole gumba. Na kuna mwingine ambao mwili wenyewe unashambulia viungo vyake: unashika mikono yote miwili, viungo vinavimba na kuwa na joto, na asubuhi vidole vinakuwa vigumu kwa muda mrefu, hata saa moja au zaidi. Huu wa pili unaweza kumpata mwanamke angali kijana, na una dawa zinazoupunguza mwendo. Ukichelewa, vidole vinapinda na havirudi. Mama ana huo wa pili. Tungekwenda mapema ingekuwa heri.

Daktari alituonya pia juu ya vile vidonge vya dexaméthasone vinavyouzwa mezani sokoni, ambavyo wengine wanavimeza ili wanenepe. Ni kweli vinatuliza maumivu upesi. Lakini ukivimeza miezi na miezi bila daktari vinapandisha sukari na presha, vinadhoofisha mifupa, vinafungulia mlango magonjwa mengine. Na aliyevizoea asiviache ghafla peke yake, aende kwanza kwa daktari amwongoze. Basi jueni: vyombo nitakavyovieleza hapa haviponyi. Vinaupunguzia mkono mzigo wakati dawa inafanya kazi yake.

Tulianza na mwiko. Nilimchukua mama mwenyewe mpaka kwa seremala. Mwiko wake wa zamani ulikuwa mwembamba mahali pa kushikia. Seremala alimchongea mwingine, mrefu zaidi kwa kiganja kimoja, na juu pa kushikia akauacha mnene, wa mviringo, umepigwa msasa vizuri. Mama alikuwa akiushika, anasema punguza hapa, acha hapo. Unene alioutaka mwisho ulikuwa sawa na gunzi la mahindi lililopukuchuliwa. Tangu siku hiyo gunzi ndilo kipimo chetu. Ukitaka kujua kama mpini unamfaa mwenye vidole vibovu, mpe kwanza gunzi ashike, halafu mpini. Mpini mwembamba unalazimisha vidole vikunjwe mpaka mwisho, na hapo ndipo maumivu yalipo. Mpini mnene unaacha vidole vimefunguka kidogo, kiganja kinasaidia. Na urefu ule unafanya nguvu itoke begani, siyo kwenye vidole.

Halafu mbabula. Fundi wa mbabula aliongeza vipande vitatu vya chuma kandokando, vimesimama, vimepinda kidogo kuelekea ndani, ili sufuria ikae katikati isizunguke. Sasa mama hahitaji mkono mmoja wa kushika sufuria. Mikono yote miwili inashika mwiko. Jambo hili peke yake ndilo lililomrudisha kwenye bukari. Tulibadili na kipimo pia: badala ya sufuria moja kubwa ya watu wanane, anapika mbili ndogo, moja baada ya nyingine. Na kupakua anapakua sufuria ikiwa palepale, kwa upawa. Hainui kitu.

Kisu tulikitengeneza nyumbani. Kile cha mpini wa chuma tulikizungushia kitambaa mpaka kikafika unene wa gunzi, halafu juu yake utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, tukaufunga kwa kukaza. Mpira hauponyoki hata mkono ukiwa na maji au mafuta. Lakini angalieni mambo mawili. Kitambaa kinanyonya uchafu, hasa damu ya samaki, kwa hiyo kila baada ya muda tunakifungua, tunafua, tunafunga kipya. Na mpira usikaribie moto. Ndiyo sababu mwiko wa bukari tuliuchonga badala ya kuufunga. Kisu chenyewe kinolewe mara kwa mara. Kisu butu ni adui wa kidole kibovu, kwa maana kinadai nguvu ambayo haipo.

Kwa samaki, fundi yuleyule wa mbao alitupa ubao mpana, tukapigilia msumari mmoja kutoka chini, ncha ikatokea juu karibu na ukingo. Mkia wa samaki unachomwa pale, samaki hakimbii, hakuna haja ya kumbana kwa vidole. Na cha kuparulia ni kipande cha mti mnene kilichopigiliwa vifuniko vitatu vya chupa za soda, meno yakiwa nje. Unavuta tu kutoka mkiani kuelekea kichwani. Ubao ule usiuache chini watoto wanapopita. Sisi tunautundika ukutani, msumari ukitazama ukuta.

Sombe hatutwangi tena kwa mchi. Tunapeleka kwenye mashini sokoni. Najua kuna wanaosema sombe ya mashini haina utamu. Hata mama alisema hivyo. Nilimwuliza achague: utamu wa kinu au mikono ya kupikia. Akanyamaza, akatoa pesa ya mashini. Lakini kuunga anaunga yeye, na hakuna anayeruhusiwa kugusa chumvi.

Maji ndiyo yalikuwa mzigo mkubwa. Bidoni la lita 20 likijaa lina kilo 20, na linashikwa kwa vidole vinne. Sasa watoto wanateka, na maji ya jikoni yanakaa katika ndoo yenye kifuniko, mama anachota kwa kopo lenye sikio kubwa ambamo mkono mzima unaingia. Tuna na vibidoni vya lita 5 kwa siku ambayo watoto wako shuleni. Kifuniko cha bidoni au cha chupa ya mafuta anakifungua kwa kipande cha mpira wa kinga: anakiweka juu, anabandika kiganja, anageuza mkono mzima toka kwenye kiwiko. Watoto nao wameambiwa wasikaze vifuniko kama wanafunga gereza. Na kitambaa cha kuosha hakikamui kwa kusokota. Anakizungusha kwenye mti wa kamba ya nguo, anavuta ncha mbili.

Nilipokuwa naeleza haya kwa mwalimu mwenzangu, alinisimulia habari ya huko Marekani. Bwana mmoja, Sam Farber, alimwona mke wake Betsey anapata taabu kumenya kwa sababu ya ugonjwa wa viungo mikononi. Wakatafuta namna ya kutengeneza kifaa cha kumenyea chenye mpini mnene wa mpira laini, na mwaka 1990 wakaanza kuviuza vyombo vya namna hiyo kwa jina la OXO. Vilipofika madukani havikununuliwa na wagonjwa tu. Wenye mikono mizima pia walivipenda, kwa sababu kitu kinachomfaa mwenye maumivu hakimchoshi mwenye afya. Nilifurahi kusikia. Huko ni kiwanda, huku kwetu ni seremala, fundi wa mbabula na mpira wa kinga, lakini kilichotangulia ni kilekile: mtu alitazama mikono ya mtu wake.

Sasa kwa yule atakayekwenda sokoni, nawaachia niliyojifunza kwa hasara yangu. Kwanza, nenda na mwenye mkono. Usimnunulie mama chombo kama unavyomnunulia mtoto viatu kwa kukisia. Kama hawezi safari, omba ujaribishe na urudishe, au azima kwa jirani kwanza. Pili, ashike chombo kwa muda, siyo mara moja. Hesabu polepole mpaka 60, halafu umwulize. Maumivu hayaji mwanzoni. Tatu, lowesha mkono wake maji kidogo, ashike tena, kwa sababu jikoni hakuna mkono mkavu. Nne, sufuria ipimwe kwa kufikiria maji ndani yake: kama ikiwa tupu inamsumbua, ikijaa itamwangusha. Chagua nyepesi yenye masikio mawili makubwa, ambamo vidole vyote vinapita pamoja na kitambaa cha kushikia. Tano, usidanganywe na mng'aro. Mimi mng'aro ulikula pesa ya mshahara wangu, na mpaka leo sufuria ile iko juu ya kabati.

Siku mama aliporudi kupika, ilikuwa Jumamosi. Alikaa kwenye kigoda, mbabula mbele yake, mwiko mpya mikononi miwili. Alichukua muda. Alipumzika mara mbili katikati, jambo ambalo zamani lingekuwa aibu, na bukari likawa na mabonge. Watoto walitazamana. Niliwakazia macho, wakala. Mama alionja, akatikisa kichwa, akasema: "Hii mabonge ni ya mwiko, haiko ya miye. Utaambia fundi apunguze ule mdomo." Nikajua amerudi. Mtu aliyekata tamaa hagombani na mdomo wa mwiko.

Kuna siku mbaya bado. Msimu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, vidole vyake vinakaza, na siku hizo anasema mwenyewe: leo pikeni ninyi. Hiyo ni tofauti kubwa na mimi kumwambia usipike. Siku hizo anakaa palepale jikoni, si chini ya mwembe, anaelekeza.

Niliomba msamaha. Sikuweza kwa maneno mengi. Nilimwambia tu: "Mama, nilikosa kukuuliza." Akanijibu kwamba walimu wanapenda kusema kuliko kuuliza, na kwamba hilo analijua tangu nilipoanza shule.

Juma hili jirani alikuja kuazima mwiko wetu, kwani mama mkwe wake naye anaumwa vidole. Mama alikataa katakata. Alimwambia: "Mwiko ya mutu haiazimwe. Umubebe mama yako kwa fundi, ashike yeye mwenyewe." Basi nami nawaambieni vivyo hivyo. Kwenye mkutano wetu ujao nitaleta ubao wa samaki na kile kisu ili mvione na kuvishika. Aliye na mama, shangazi au jirani mwenye mikono inayouma, aje naye. Mwiko wenyewe hautakuja, kwa sababu mwenyewe amekataa usitoke nyumbani.